Lifti ya Sarafu

Jengo letu hapa Kutaisi lina ghorofa tisa
na lifti isiyokwenda bure:
unaitumbukizia tetri kumi, inakohoa,
inakupandisha kama mtu aliyekatizwa usingizi.
Mwanangu Vamekhi anaipenda kuliko televisheni.
Anajua kwamba kati ya sita na saba itatetemeka,
na huweka kiganja ukutani kuituliza
kabla haijaanza.

Kusoma, hajui. Miaka tisa.

Herufi yetu ya tatu inaitwa gani,
ya sita inaitwa vini.
Moja ina kitanzi kichwani, nyingine haina,
na machoni pa Vamekhi ni mapacha
waliovaa kofia moja ili kumtania.
"Hii ni gani?" namuuliza.
"Gani," ananijibu, maana nimesema gani.
Jina lake mwenyewe huanza na vini.
Daftarini yumo Gamekhi,
mtoto wa nani sijui.

Mwalimu Lamara ameandika kwa wino mwekundu: Hajitumi.
Laiti angekuja siku moja saa mbili usiku
aone shati lilivyomganda mgongoni kwa jasho,
Februari hii, jiko limezimwa,
kwa mstari mmoja wa paka na maziwa.

Nimejaribu. Nilimwaga maharage mezani
tuyapange yawe herufi; akayapanga kwa rangi,
yenye madoa huku, meusi kule,
akanionyesha moja lenye tundu la mdudu
ambalo mimi ningelipika.
Nimejaribu unga. Nimejaribu kidole mgongoni mwake,
"naandika nini?", akatekenyeka, akacheka, basi.
Nimejaribu na kelele. Hilo nalo niliandike:
Jumanne moja niliuchana ukurasa
nikasema neno ambalo mama yangu aliniambia mimi
na ambalo niliapa halitavuka kizingiti changu.
Akaokota vipande, akaviunga sakafuni
ukingo kwa ukingo, bila kosa hata moja,
ila maneno yote yalikuwa yamelala kifudifudi.

Tangu hapo tunasomea kwenye lifti.
Ghorofa moja, herufi moja. Si mbinu ya mtaalamu;
ni kwamba humo ndani mguu wake hutulia,
nami siwezi kukimbilia kukoroga chungu.
Sarafu zinakwisha. Mume wangu, anayeendesha lori huko Poland,
aliuliza kwenye simu mbona tunapanda mno.
Tunasoma, nikamwambia.
Akanyamaza hadi nikadhani laini imekatika.
"Na mimi zilikuwa zikinichezea," akasema.
Miaka kumi na miwili ya ndoa,
na hajawahi kuniandikia hata salamu. Hupiga tu.

Jana tulipanda na Bi Tsiala wa ghorofa ya tano,
amekumbatia mtindi wake, koti limefungwa hadi kidevuni.
Juu ya vitufe mtu alikwangua neno kwa msumari.
Lilikuwapo kabla sijaolewa, nilishaacha kuliona.
Vamekhi akasogeza pua. Ghorofa ya pili.
Kidole kikapapasa mikwaruzo
kama cha mtu anayetafuta swichi gizani. Ya tatu.
"Vi," akasema. "Vi... ri... shvi... li."
Kisha kwa sauti ya kutosha jengo zima:
"Virishvili!"

Mwana wa punda. Mbele ya Bi Tsiala.

Mama wa watu akaniangalia mimi, si yeye.
"Inaanza na vini," Vamekhi akamweleza kwa upole,
"kama jina langu. Si gani. Tazama, haina kitanzi."

Alishuka ya tano bila kuaga.
Sisi tukafika ya tisa, mlango ukafunguka,
sikutoka. Nilikuwa nimejiziba mdomo kwa skafu
na machozi yananitoka puani.
"Mara nyingine?" akauliza.
Nikapekua mifuko. Kumi hazikuwamo,
ilikuwamo ishirini, moja tu,
na lifti hairudishi chenji.
Nikaitumbukiza.